Uhakiki wa kisaikolojia: kusoma asichokisema mhusika

"Hadija alipanda pantoni, akasimama upande ule ule wa kushoto. Akahesabu watoto waliokuwa karibu na ukingo. Sita. Akahesabu tena. Sita. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akamwuliza, 'Wako wangapi hapo, dada?' 'Sina mtoto,' akajibu, akaanza kuhesabu upya."

Kipande hicho nilikitunga mwenyewe kwa ajili ya wanafunzi ninaowafundisha fasihi jioni, Temeke. Nilikisoma mara mbili, kisha nikawauliza: Hadija ana nini? Jibu la kwanza lilikuja haraka: "Ana matatizo ya akili, mwalimu." Darasa zima likakubali. Kwao swali lilikuwa limekwisha.

Lilikuwa halijaanza. Uhakiki wa kisaikolojia ni njia ya kufasiri kazi ya fasihi kwa kuuliza nafsi inafanya nini ndani ya maandishi: inatamani nini, inaogopa nini, inaficha nini, na hicho ilichokificha kinachomoza wapi. Neno la kulishika ni hilo la mwisho, kuchomoza. Mhakiki hana ruhusa ya kumpa mhusika ugonjwa kutoka kichwani mwake. Ana ruhusa ya kuonyesha neno, kitendo, ndoto au ukimya uliomo kwenye ukurasa, na kusema: tazama, hapa pana kitu kinasukuma kutoka chini.

Mzizi wa njia hii ni Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeishi kati ya 1856 na 1939. Kitabu chake kuhusu tafsiri ya ndoto kilitoka mwishoni mwa 1899, ingawa jalada lake lina mwaka 1900. Freud alishikilia kwamba sehemu kubwa ya nafsi hatuioni wenyewe. Wataalamu wetu wa fasihi huiita sehemu hiyo ung'amuzi bwete. Tamaa au kumbukumbu ambayo mtu hawezi kuivumilia husukumwa huko na kukandamizwa, lakini haifi. Inarudi kwa kujibadilisha sura: katika ndoto, katika mzaha, katika kitu unachokisahau kila mara, katika ulimi unaoteleza. Mwaka 1901 alichapisha uchunguzi mzima juu ya makosa madogo ya namna hiyo.

Kwa msemaji wa Kiswahili hili si geni sana. Wazee walisema, lililo moyoni ulimi huiba. Ukimwita mke wako kwa jina la dada yake utaomba radhi na kusema umeteleza tu, na mara nyingi ni kweli. Freud angekuomba usubiri kidogo kabla ya kuondoka na jibu hilo.

Mwaka 1923 aliigawa nafsi katika sehemu tatu ambazo wanafunzi wanazikariri mpaka zinawachosha: Idi, yenye matamanio yasiyojua kusubiri; Supaego, sauti ya wazazi na jamii iliyohamia ndani yako ikawa inakukemea hata ukiwa peke yako; na Ego, inayohangaika katikati kutafuta njia ya kuishi duniani. Wanangu waliopitia madrasa husema mara moja, "Hii tunaijua": nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu, nafsi iliyotulia. Nawaambia ni daraja zuri la kuanzia, lakini wavuke kwa uangalifu. Katika mafunzo ya dini, nafsi hupanda kutoka hali moja kwenda nyingine kwa jitihada na rehema, na mwisho wake ni utulivu mbele ya Mola. Kwa Freud hakuna kupanda. Sehemu zote tatu zimo ndani yako leo, kesho na siku ya kufa, zikigombana.

Chukua riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kwa muda ikazuiwa isisomwe shuleni. Rosa analelewa Namagondo, Ukerewe, na baba mlevi, Zakaria, ambaye hataki kumwona binti yake karibu na mvulana yeyote na anatumia kipigo kuhakikisha hivyo. Msichana anakua akiwaogopa wanaume. Halafu anakwenda mbali na macho ya baba, masomoni, na ile hofu inageuka kuwa kinyume chake kabisa: anawakimbilia wanaume, mmoja baada ya mwingine, mpaka anaangamia. Msomaji mwenye haraka atasema Rosa aliharibika kwa kukosa maadili. Mimi siwezi kuisoma hivyo. Maadili alikuwa nayo, tena mengi, ila yote yalikuwa na sura ya fimbo ya Zakaria. Sauti ya kukemea iliyo ndani yake haikuwahi kuwa yake, kwa hiyo siku mwenye sauti alipokuwa mbali hapakuwa na kitu kilichobaki cha kumshika. Hata uhuru wake ni mazungumzo na baba: kila mwanamume anayemkubali ni jibu kwa mtu asiyekuwepo chumbani. Ukisoma hivyo, unagundua kwamba kitabu kinamshtaki mzazi kabla hakijamshtaki binti.

Lakini simtibu Rosa. Hawezi kulala kwenye kitanda cha daktari na kunisimulia utoto wake, kwa kuwa hana utoto zaidi ya kurasa alizopewa. Kosa la kusahau hilo ndilo ninalolisahihisha kila juma kwa wino mwekundu. Kosa la pili ni la kumhukumu mwandishi. Kwa kuwa Kezilahabi aliandika sana juu ya kukata tamaa na vifo vya kujitakia, wapo wanaoandika kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kukata tamaa. Huyu ni mtu aliyefundisha chuo kikuu kwa miongo kadhaa, Dar es Salaam kisha Botswana, akaendelea kuandika, akafariki Januari 2020. Ni kweli kwamba uhakiki huu una mlango wa kumwendea mwandishi, na Freud mwenyewe mwaka 1908 alilinganisha kazi ya mtunzi na ndoto za mchana. Ila mlango huo unahitaji ushahidi wa maisha halisi, barua au shajara. Riwaya peke yake haitoshi kumweka mtu kizimbani.

Mfano unaotajwa kila mahali ni Hamlet, mhusika mkuu wa tamthilia ya Shakespeare yenye jina hilo. Kwa nini kijana huyu anachelewa kumuua ami yake aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake? Freud alijibu: kwa sababu ami ametenda kile ambacho Hamlet mwenyewe, utotoni, alikitamani kwa siri, kumwondoa baba na kubaki na mama. Ernest Jones, mfuasi wake, aliliendeleza wazo hilo mpaka likawa kitabu mwaka 1949. Ni usomaji wa werevu mkubwa. Hata hivyo umejengwa juu ya nyumba ya aina moja: baba, mama na mtoto, baba akiwa mwenye amri. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski aliipinga dhana hiyo mwaka 1927 kwa kutazama jamii ya visiwa vya Trobriand, mbali huko Bahari ya Pasifiki, ambako ukoo hufuata upande wa mama na mwenye amri juu ya kijana ni mjomba. Sisi hatuhitaji kwenda Trobriand. Waluguru na Wamakonde wamo humu humu jijini, na kwa mila zao mjomba ana neno zito. Mwanafunzi aliyekua chini ya mjomba akisoma hadithi ya kijana na baba yake, ana haki ya kuuliza kama ramani ya Freud inafika mpaka nyumbani kwao.

Carl Jung (1875–1961) nitampitia upesi. Alikuwa karibu na Freud, wakaachana, akafundisha kwamba chini ya ung'amuzi bwete wa mtu mmoja upo mwingine wa wanadamu wote, wenye picha zinazojirudia: mama wa wote, mzee wa hekima, na kivuli, yaani ule upande wetu wa giza tusiotaka kuukubali. Wanaochambua ngano zetu za mazimwi humpenda. Mimi huogopa kwamba zimwi la kila nchi likishakuwa "kivuli", hakuna tena haja ya kulitazama zimwi lenyewe.

Ninayempenda zaidi ni Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Martinique aliyefanya kazi hospitali ya Blida, Algeria. Mwaka 1952 alichapisha kitabu kuhusu ngozi nyeusi na barakoa nyeupe, akionyesha kwamba kidonda cha nafsi si lazima kianzie kwa baba na mama. Kinaweza kuanzia kwa mkoloni, shuleni, katika lugha unayoambiwa ndiyo ya watu. Ukiwa na Fanon mkononi, Mashetani ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1971, inafunguka. Juma na Kitaru ni marafiki, wanafunzi wa chuo kikuu. Wanaigiza mchezo wa shetani na binadamu, kisha Kitaru anaanza kuumwa, anasumbuliwa na ndoto. Msomaji wa Dar es Salaam husikia habari ya pepo papo hapo, na hajakosea kuisikia. Mhakiki anaongeza swali: pepo huyu ameingilia wapi? Familia ya mmoja imepoteza hadhi kwa mapinduzi ya Zanzibar, ya mwenzake inapanda. Nchi imepata uhuru, bado aliyetawala anatawala ndani ya vichwa. Ukimchunguza Kitaru peke yake kama mgonjwa, tamthilia inapungua. Ukisema ni siasa tupu, ndoto zake zinabaki bila mwenyewe.

Nirudi kwa Hadija. Niliwaomba wanafunzi waache neno "akili" waniletee maneno ya kwenye kipande tu. Mmoja akaleta kuhesabu: mtu anahesabu mara ya pili kile anachoogopa kimepungua. Mwingine akaleta jibu, "Sina mtoto." Tukakaa hapo dakika nyingi. Kiswahili chetu hakikulazimishi kutofautisha. Asiyewahi kuzaa husema sina mtoto, na aliyezika anaweza kusema vilevile. Hadija ameulizwa wako wangapi, angeweza kusema hakuna, au wa wenzangu hao. Amechagua sentensi inayosema ukweli na kuufunika kwa pumzi moja. Jacques Lacan, Mfaransa aliyemsoma Freud upya, alisema ung'amuzi bwete umepangwa kama lugha. Sikuwahi kuuelewa msemo huo vizuri kama jioni ile.

Binti mmoja anayeishi Kigamboni, anayevuka na pantoni kila siku, alikuwa kimya muda wote. Mwishoni akanyoosha mkono. "Mwalimu, umeandika 'upande ule ule'. Kwa hiyo ipo siku aliyosimama hapo mara ya kwanza, na hujaiandika."