Uchumi kukua si ushahidi kwamba wanawake wamerudi kazini

"Uchumi umeshainuka baada ya korona, kwa hiyo wanawake nao wamerudi kazini." Kauli hii husikika Kenya, na takwimu huitwa kuiunga mkono: pato la taifa lilipungua kidogo mwaka 2020, kisha likakua kwa zaidi ya asilimia 7 mwaka 2021. Takwimu ni sahihi. Hitimisho ndilo lenye kasoro.

Pato la taifa hupima thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa. Halisemi nani alizizalisha, wala halihesabu kupika, kufua na kulea watoto nyumbani bila malipo. Shule zilifungwa Machi 2020. Madarasa machache yakafunguliwa Oktoba, mengine yakasubiri hadi Januari 2021. Muda wote huo mtoto alibaki na nani? Mara nyingi na mama aliyefunga kibanda chake cha mboga, au na dada mkubwa ambaye naye alistahili kuwa darasani. Kazi yao iliongezeka, lakini katika hesabu za taifa haikuonekana. Hilo linaniuma.

Soko likichangamka tena, mauzo hupanda hata kama mama yule hayupo: mtaji wake uliishia kwenye unga na kodi ya nyumba.

Na msichana aliyejifungua wakati shule zimefungwa? Wengi hudhani sheria inamzuia kurudi. Haimzuii, Kenya ina sera ya kumrudisha shuleni tangu 1994. Kinachomkwamisha mara nyingi ni karo, na mtu wa kumwachia mtoto.