Je, wajua kwa nini mti hupimwa usawa wa kifua?

Ukikutana na wapima misitu wakiwa kazini, itazame fimbo yao. Ina urefu wa mita 1.3, basi. Huisimamisha kandokando ya shina, na pale ncha ya juu inapogota ndipo wanapozungusha utepe. Hapo ndipo panapoitwa usawa wa kifua.

Kifua cha nani? Wapimaji hawalingani kimo, kwa hiyo walikubaliana mita 1.3 kwa wote, mrefu na mfupi. Marekani wao hupima futi 4.5, yaani karibu mita 1.37.

Hawapimi chini kwa sababu shina hutanuka likikaribia ardhi. Ukipima pale umepima mizizi, na mti utaonekana mnene kuliko ulivyo. Juu zaidi utahitaji ngazi. Kifuani unasimama tu, unasoma, unahamia mti wa pili. Utepe wenyewe umerahisishwa: alama zake zimekwisha kugawanywa kwa 3.14, hivyo shina lenye mzingo wa sentimita 94.2 husomeka moja kwa moja 30, ndicho kipenyo.

Lakini miti haioti kwa kufuata kanuni. Kwenye mteremko, fimbo husimamishwa upande wa juu. Mti ulioinama hupimwa kwa kuufuata mlalo wa shina. Mti ukiwa na panda chini ya mita 1.3, kila shina huandikwa peke yake. Mkoko ndio mtihani kweli: mizizi yake hutoka shinani juu juu na kujikita matopeni kama miguu, pengine kupita kifua cha mtu, kwa hiyo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa.

Usumbufu wote huu una maana. Kipenyo hicho ndicho kinachoingizwa kwenye hesabu ya ujazo wa mbao na ya kaboni iliyomo mtini, na vijiji vyenye misitu yao hukitegemea kuamua mti upi uvunwe. Tena miti mingi ya porini hunenepa kwa milimita chache tu kwa mwaka. Mpimaji wa mwaka huu akishusha utepe kiganja kimoja, mti utaonekana umenenepa ghafla; akiupandisha, utaonekana umekonda. Ndiyo maana kwenye viwanja vya kudumu vya utafiti utakuta mashina yamechorwa mstari wa rangi: atakayekuja miaka mitano baadaye auweke utepe palepale.