Kwanza nani aingie, ndipo achukue kiasi gani

Vikao vingi vya uhifadhi hapa Pemba huanza na hesabu. Tukate boriti ngapi, tufunge mwamba miezi mingapi, macho ya nyavu yawe na upana gani. Maafisa wanayapenda maswali hayo kwa kuwa majibu yake ni namba, na wafadhili wanayapenda zaidi. Kazi yangu ni kutafiti jinsi watu wanavyojiwekea kanuni za kutumia mali ya pamoja, na kadiri ninavyokaa na kamati za shehia, yaani eneo dogo la utawala lililo chini ya sheha, ndivyo ninavyoona kwamba swali la kiasi huulizwa kabla ya wakati wake. Kanuni ya kiasi haishiki mahali ambapo haijaamuliwa nani ana haki ya kuingia.

Chukua mikandaa, yaani mikoko. Tuseme shehia imekubaliana kwamba kila nyumba ikate kuni chache na iache miti michanga. Mama mmoja anatii. Baada ya muda mashua ya kijiji cha ng'ambo ya hori inaingia usiku maji yakijaa na kuondoka na ile miti aliyoiacha. Kumbe alikuwa akimwekea jirani akiba. Safari nyingine hatatii, na sioni wa kumlaumu. Kwenye semina tunamwita mharibifu wa mazingira, ilhali amepiga hesabu vizuri kuliko sisi tulioandaa semina.

Jambo hili sasa lina ushahidi wa kitaaluma, na limetoka hapa hapa kisiwani. Mwaka 2024 mtafiti Jeffrey Andrews na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Sustainability utafiti uliojengwa juu ya maisha ya vijiji vya Pemba. Waliyoyaona vijijini waliyageuza kuwa modeli ya hesabu yenye makundi mengi yanayopakana, yanayoibiana na kuigana. Walichokipata ni kwamba pale makundi yanapogombea rasilimali, haki ya kuzuia wa nje hutangulia. Bila hiyo, kanuni ya kujizuia wenyewe haipati nafasi ya kuota. Ikishakuwepo, kijiji kilichojizuia kinaonekana kimefaidika, na jirani huanza kukiiga.

Kuna matokeo mengine mawili humo ambayo wasimamizi wetu wangeyazingatia. La kwanza ni vitu vinavyokamatwa. Anayefanya doria akiwa na haki ya kupata sehemu ya kuni au faini, ana sababu yake binafsi ya kutoka nyumbani usiku. Miradi mingi huona aibu kulisema hili, ikitaka watu walinde kwa moyo tu. Moyo upo, lakini na mbu wa mikandaani wapo. La pili ni kwamba uungaji mkono wa kanuni hupanda na kushuka. Tafsiri yangu ni hii: wizi ukipungua, doria huonekana kazi bure, doria ikilegea, wezi hurudi. Kwa hiyo mtathmini akija mwaka wa kamati iliyolala, ataandika kwamba mradi umekufa. Angekuja mwaka mwingine angeandika kinyume chake, na ripoti zote mbili zingekuwa za haraka mno.

Wasomi wa fani yetu watasema hili si jipya, na kwa kiasi fulani wana haki. Mwaka 1968 mwanaikolojia Garrett Hardin aliandika kwamba malisho ya wote huishia kuharibika, kwa sababu kila mchungaji huongeza ng'ombe mmoja zaidi. Elinor Ostrom, mtaalamu wa sayansi ya siasa, katika kazi yake ya mwaka 1990, akaonyesha kwamba watu wengi duniani wametunza misitu, malisho na mifereji yao kwa karne nyingi bila kungoja serikali wala tajiri. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Katika misingi minane aliyoiorodhesha, wa kwanza ni mipaka iliyo wazi. Ila Ostrom alitazama sana taasisi kongwe, kama zile za vijiji vya milima ya Uswisi, ambako hakuna aliye hai aliyeona zikianza. Pemba inatupa kitu adimu: kamati ambazo waanzilishi wake bado tunakutana nao sokoni Chake Chake.

Sheria ilikuwepo. Sheria ya misitu ya Zanzibar, namba 10 ya mwaka 1996, inaruhusu jamii kuingia mkataba na serikali na kusimamia msitu wake. Mikataba mingi ilipata nguvu mwaka 2010 ulipokuja mradi wa misitu ya jamii uitwao HIMA, kwa fedha za Norway, ukiwa sehemu ya majaribio ya MKUHUMI, mpango wa kulipia misitu isiyokatwa ili kupunguza hewaukaa. Watu waliambiwa hewaukaa itauzwa na fedha zitarudi kwenye shehia. Mauzo yaliyotarajiwa hayakutokea. Kwa kipimo cha mradi huko ni kushindwa, na wananchi wana haki ya kununa. Lakini mtafiti Monique Borgerhoff Mulder na wenzake waliporudi kutazama Pemba, walikuta taasisi zimekua hata pale ambapo fedha hazikufika. Mimi nadhani kilichobaki ni ramani. Kwa mara ya kwanza shehia ilikuwa na karatasi yenye muhuri inayoonyesha msitu wake unaanzia wapi na kuishia wapi, na karatasi hiyo inamfaa mlinzi kuliko ahadi ya hewaukaa.

Baharini mambo ni magumu zaidi, maana hakuna mti wa kupiga alama. Mfano ni kufunga mwamba wa pweza. Fikra hii ilienea sana kutoka Andavadoaka, Madagascar, walikoanza mwaka 2004, na huku kwetu Kisiwa Panza ni miongoni mwa shehia za mwanzo kuijaribu, kwa msaada wa asasi ya Mwambao. Kibayolojia ni rahisi kueleza. Pweza hukua upesi mno na maisha yake ni mafupi. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai bila kula, kisha hufa. Ukimwacha miezi mitatu unapata pweza mkubwa zaidi, na huenda ameshataga.

Tatizo linakuja siku ya kufungua. Habari zimeshatembea, wanunuzi wako dikoni tangu alfajiri, na wavuvi wa vijiji jirani nao wamefika. Subira ya miezi inaweza kuishia mikononi mwa watu ambao hawakusubiri. Kamati iliyokwishaamua mapema nani anaingia siku hiyo, kwa ada gani, na jirani anapewa nini ili naye aheshimu kufungwa, hiyo ina nafasi. Iliyojishughulisha na idadi ya miezi tu itaishia kugombana ufukweni.

Hata ndani ya shehia yenyewe swali ni lile lile. Wanawake wengi huchokoa pweza kwa miguu, maji yakitoka wakati wa bamvua, kwenye mwamba wa karibu. Wanaume wenye miwani huzamia mbali zaidi. Mkifunga mwamba wa karibu, mmemfungia nani? Mwanamume anahamia kwingine, mama anakaa nyumbani. Nimesoma kanuni ndogo ndogo nyingi ambazo hazimtaji kabisa, ingawa yeye ndiye aliyegharimia kufungwa huko. Kikao kikiwa na wanawake wawili mwisho wa mkeka, usitarajie mwamba utakaochaguliwa uwe mwingine.

Kuhusu dini, naulizwa sana, kwa sababu ya Misali. Kisiwa hicho, magharibi ya Chake Chake, kilitangazwa hifadhi mwaka 1998, na baadaye mafundisho ya Kiislamu juu ya ukhalifa wa mwanadamu katika ardhi yakatumika kuwafikia wavuvi. Nayaheshimu mafundisho hayo na yanagusa watu. Ila yanajibu zaidi swali la kiasi, la israfu, yaani kutumia kupita kiasi. Bahari ya Misali inavuliwa na watu wa shehia nyingi, wote Waislamu, na bado lazima mtu aamue zamu ni ya nani.

Sasa upande unaoniumiza kichwa. Mipaka ikikaza, wa kwanza kubanwa ni watu wa dago, yaani wavuvi wanaopiga kambi ugenini, na huwezi kutaja dago bila kutaja Kojani. Ni kisiwa kidogo, watu wamejaa, na wavuvi wake wamezoea kuhama kwa misimu hadi pwani za mbali. Wenyeji husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; Mkojani yuko tayari kushika jembe, lakini kila shamba sasa lina mwenyewe. Zipo kamati zinazowapokea wageni wa dago kwa barua ya sheha wao, kwa ada na kwa masharti ya zana, na juya, wavu wa kukokota, hairuhusiwi. Nyingine huwafukuza tu. Sheha mwenyewe huteuliwa, hachaguliwi kwa kura, kwa hiyo barua yake ina uzito serikalini kuliko kambini. Kwenye mikataba ninayoombwa kuipitia, kifungu cha wageni mara nyingi ni mstari mmoja ukurasa wa mwisho. Siku hizi naomba kiletwe mbele, kijadiliwe kabla ya miezi na idadi, na wawakilishi wa dago wawemo ukumbini kinapojadiliwa.