Don Imus hakujikwaa ulimi

Juzi kijana anayejifunza utangazaji ameniambia kwamba Don Imus, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi cha redio Marekani, alijikwaa ulimi mara moja tu, jasho la zaidi ya miaka 30 likaenda na maji. Nimelisikia hilo mara nyingi mno. Linanikera kwa sababu mimi ni mtayarishaji wa kipindi cha asubuhi, na anayesema hivyo anatusahau kabisa sisi tunaokaa upande wa pili wa kioo cha studio.

Tukio lenyewe ni fupi. Usiku wa tarehe 3 Aprili 2007, wasichana wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Rutgers walifungwa na Tennessee 59 kwa 46 kwenye fainali ya vyuo. Asubuhi yake Imus akawaita, hewani, malaya wenye nywele za kipilipili. Siku nane baadaye hakuwa na kazi.

Sasa fuatilia mazungumzo yale neno kwa neno. Imus anaanza kwa kusema wasichana wa Rutgers wanaonekana wakorofi, wana tatuu. Anayetamka “malaya” kwanza si yeye. Ni Bernard McGuirk, mtayarishaji mkuu wa kipindi. Imus analidaka neno, anaongeza nywele, kisha anasema wale wa Tennessee ndio warembo.

Mtayarishaji mkuu! Katika studio huyo ndiye breki. Anaweza kumnong’oneza mtangazaji kwenye hedifoni bila msikilizaji kusikia. Anaweza kuingiza tangazo mazungumzo yakiharibika. Na pale sauti inapocheleweshwa sekunde chache kabla ya kwenda hewani, anacho kitufe cha kulikata neno lisitoke. Kila likizuka jambo la aina hii watu huuliza kwa nini kitufe hakikubonyezwa. Kitufe hakijui tusi ni lipi. Kinangoja binadamu ashtuke, na binadamu aliyezoea kuchekea mzaha wa namna hiyo kila asubuhi hashtuki tena. Siku ile breki yenyewe ilikuwa na maikrofoni.

Vitabu vya utangazaji huandika kwamba mtayarishaji “atatumia busara”, kana kwamba busara ni kifaa kilichofungwa mezani. Mimi nina shaka na jambo hilo. Zipo asubuhi nilizocheka nyuma ya kioo, kidole kikiwa mbali na kitufe, nikaja kutambua ubaya wa kilichosemwa nikiwa njiani kurudi nyumbani. Busara huchakaa kwa mazoea. Kinga pekee ninayoiamini ni kuweka chumbani mtu asiye rafiki wa mtangazaji, na hata yeye mpe miezi sita, ataanza kucheka.

Tuje kwenye kupanda kwake. Alianza kwenye redio ya WNBC, New York, mwaka 1971, akafukuzwa 1977, akarudi 1979. Masafa yale yalipochukuliwa na redio ya WFAN mwaka 1988, kipindi kikahamia huko. Miaka ya 1990 kikasambazwa nchi nzima, na kuanzia 1996 kikaonyeshwa na televisheni ya MSNBC. Wageni wake walikuwa watu kama Seneta John McCain na mwandishi wa habari Tim Russert. Hapo ndipo penye nguvu ya kipindi kile. Mzaha wa kibaguzi ukisikika dakika kumi kabla ya seneta kuzungumzia bajeti, unapata heshima ya kuazima. Msikilizaji anajiambia: kama mheshimiwa amekubali kukaa meza hii, basi maneno haya si mabaya kiasi hicho.

Waajiri wake walijua wanachonunua. Mkataba wake na CBS, kampuni iliyomwajiri, ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 40 kwa miaka mitano, ulikuwa na kipengele kilichotaka kipindi kiwe cha ukali na utata. Ndiyo maana alipofukuzwa alitishia kudai dola milioni 120, na Agosti mwaka huohuo wakamalizana nje ya mahakama. Ukali waliununua kwa maandishi. Ni vigumu kuuita ajali.

Wala si serikali iliyomfunga mdomo. FCC, wasimamizi wa mawimbi Marekani, hushughulika na uchafu wa kingono na lugha ya matusi makali. Kejeli ya rangi haimo. Tuliache hilo.

Aliyemtoa hewani ni mnunuzi wa matangazo. Tarehe 9 Aprili waajiri walitangaza kumsimamisha wiki mbili tu. Kesho yake wasichana wale waliketi mbele ya kamera na kocha wao, C. Vivian Stringer, nchi nzima ikaona ni nani waliotukanwa. Siku hizohizo Procter & Gamble, Staples, General Motors na American Express wakaondoa matangazo yao. Tarehe 11 MSNBC ikakiacha kipindi. Tarehe 12 CBS ikamfukuza.

Anayepanga ratiba ya matangazo anaelewa haraka hiyo. Asubuhi ndiyo inayolipa mishahara ya kituo kizima, na dakika ya tangazo isiyouzwa leo haiwekwi ghalani ikauzwa kesho. Mdhamini mkubwa akitoka, unaona mapengo kwenye karatasi, saa baada ya saa, na wadhamini wadogo wanaanza kupiga simu kuuliza nani mwingine ameondoka. Idadi ya wasikilizaji haikuhitaji kushuka hata kidogo.

Na kijana wangu aliposema Imus “alipoteza kipindi”, nilimpa tarehe nyingine ya kuandika: 3 Desemba 2007. Siku hiyo, hata miezi minane haijatimia, Imus alirudi hewani kupitia redio ya WABC, New York, akiwa ameongeza wachekeshaji wawili weusi mezani. McGuirk naye alirudi kwenye maikrofoni yake.