Maji machafu, maji najisi na maji yasiyo salama: maswali na majibu

Je, "najisi" na "chafu" ni neno moja?

Hapana. Najisi limetokana na Kiarabu, nalo hutaja kinachoondoa tohara, yaani usafi wa ibada, kwa mujibu wa dini, kama vile mkojo, kinyesi na damu. Tope kwenye kanzu ni uchafu, lakini si najisi. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, maji mengi yanayofikia lita 200 hivi hayanajisiki mpaka rangi, ladha au harufu yake ibadilishwe na najisi iliyoingia.

Basi maji yaliyo tohara yanaweza kuleta maradhi?

Yanaweza, kwa sababu kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya ibada, na bakteria wa kipindupindu hawabadilishi rangi wala ladha. Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua mamia ya watu mjini London, daktari John Snow aligundua kwamba mjane mmoja aliyeishi Hampstead, mbali na eneo la maradhi, alikuwa akiletewa maji ya bomba la Broad Street kwa kuwa aliyapenda kuliko mengine, aliyanywa, akafa. Ndiyo maana maabara haiulizi maji yanaonekanaje, bali hutafuta bakteria aina ya E. koli, ambaye ni dalili ya kinyesi na hapaswi kupatikana hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa.

Je, kuchemsha kunatosha?

Kwa vijidudu, ndiyo: maji yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 mahali palipo juu ya mita 2,000. Fluoridi, aina ya madini yanayoyeyuka katika maji, ni jambo jingine. Katika maeneo ya Arusha yanayozunguka Mlima Meru, yako maji maangavu kabisa yenye fluoridi inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia, na kuyachemsha hakuiondoi. Maji yanapopungua kwa mvuke, fluoridi huzidi kukolea.

Mhudumu wa afya atumie neno gani?

Aseme "si salama", kisha ataje kilichomo. Mwenye kisima king'aacho akiambiwa maji yake ni machafu, atasikia tusi, na huenda asisikie lolote baada ya hapo. "Yamenajisiwa" ni bora liepukwe, kwani kitenzi hicho hutumika pia kwa ubakaji.