Kilomita Chache Hazitakuvusha Tunduma

"Fundi, hili limetoka Japani juzi tu, lina kilomita elfu sabini. Mwaga oili, weka mpya, Jumamosi tunaondoka kwenda Zambia." Maneno haya yanaingia gereji za Dodoma kila likizo ikikaribia, na anayeyasema huyasema kama mtu aliyekwishamaliza mjadala. Barabara haina lawama: njia kuu ya Cairo hadi Cape inapita hapahapa mjini. Kaskazini unashika Kondoa, Babati, Arusha na Namanga. Kusini Mtera, Iringa, Mbeya na Tunduma, lami mwanzo mwisho. Kinachowakwamisha watu ni imani walizoagiza pamoja na gari.

Dhana: Kilomita chache maana yake gari halijachoka

Odometa inahesabu mizunguko ya magurudumu, miaka haiihesabu. Prado ya 2005 yenye kilomita 70,000 imekaa na mipira ileile ya rejeta, sili zilezile na pengine mkanda uleule wa taimingi kwa miaka ishirini, ikitembea wastani wa kilomita 3,500 kwa mwaka: nyumbani, dukani, nyumbani. Injini ya namna hiyo hupata joto la kutosha kwa nadra, unyevu unabaki ndani na oili inachakaa bila gari kwenda mbali. La aina hiyohiyo lenye kilomita 160,000 na kitabu cha sevisi kilichojazwa ni afadhali zaidi, lakini mwambie mteja hivyo uone atakavyokutazama.

Anza na tairi, kwa sababu ndizo zinazodanganya kuliko vyote. Meno marefu, rangi nyeusi inang'aa, kila mtu ameridhika. Inama usome ubavuni mwa tairi, penye herufi DOT, tarakimu nne za mwisho: 3117 ni wiki ya 31 ya mwaka 2017. Tairi lililopita miaka sita si la kwendea Livingstone, kusini mwa Zambia, na mzigo wa watu watano, hata kama halijawahi kugusa vumbi. Mpira umekauka, ukikimbia kilomita mia kwa saa, saa nane mchana kwenye joto la bonde la Mtera, mkanda wa juu unabanduka. Na usisahau tairi la akiba lililoning'inia chini ya gari. Mara nyingi hilo ndilo zee kuliko yote, liko pale tangu kiwandani.

Mkanda wa taimingi unafuata. Injini za dizeli za Toyota kama 1KZ, 1HZ na 1KD zinatumia mkanda, na ya petroli 5VZ pia. Za petroli 2TR na 1GR zina cheni, hizo ziache. Kwenye 1KZ na 1HZ kuna taa imeandikwa T-BELT, na watu huitegemea: haijawaka, basi mkanda mzima. Taa ile inahesabu kilomita tu, haijui mkanda una umri gani. Kama huna ushahidi wa maandishi kwamba ulibadilishwa, badilisha, pamoja na beringi zake za kukaza na sili ya mbele ya krenki ukiwa umeshafungua. Mkanda ukikatika kwenye dizeli, pistoni zinagonga vavu, na hapo hesabu yako si ya mkanda tena, ni ya hedi, kichwa cha injini.

Halafu mfumo wa kupoza. Hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu na inajulikana kwa kupasuka ikipata joto kali hata mara moja. Mshale wa joto kwenye Toyota nyingi umetengenezwa kukaa katikati hata joto likipanda kiasi; ukiona unasogea juu, umeshachelewa. Ndiyo maana kengele ya joto ya kuongezea, ile yenye waya unaofungwa kwenye hedi, ni kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya taa za bampa na keria. Fungua nafasi kati ya kondensa ya AC na rejeta uone uchafu uliojaa humo. Zima injini ikiwa ya moto, kisha zungusha feni kwa mkono: ikizunguka kwa wepesi raundi kadhaa bila kukaza, klachi yake imekufa. Badilisha kifuniko cha rejeta na themostati, vitu vya bei ndogo. Kulanti changanya nusu kwa nusu na maji ya kutilia betri. Maji ya kisima ya Dodoma yana chumvi. Wanaoyatia kwenye rejeta wanaikaanga kwa mikono yao wenyewe.

Difu ya mbele, difu ya nyuma, transfa (boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma), gia boksi, breki: vyote vibadilishwe mafuta, sio injini peke yake. Fungua nati ya difu uangalie rangi. Yakitoka kama chai ya maziwa, maji yaliingia. Yaliingiaje? Difu ya moto ikitumbukia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kama kipumulio chake kimeziba, inavuta maji kupitia sili. Kisafishe, na ikiwezekana unganisha mpira ukipandishe hadi kwenye boneti. Propela shafti zina chuchu za grisi ambazo mafundi wengi huzipita kama hawazioni. Simama na fundi wako mpaka grisi mpya ichomoze.

Kisha jaribio. Pakia gari kama utakavyosafiri, watu, maji, hema, kila kitu, uende Iringa kupitia Mtera na urudi. Mlima Nyang'oro ukiwa na mzigo na AC imewashwa utakuambia habari za rejeta kuliko kifaa chochote cha gereji. Ukirudi, kaza upya nati za magurudumu, lala chini ya gari uangalie kilichoanza kuvuja. Asiyekuwa na siku moja ya kwenda Iringa atakuja kulala juu ya gari la kuvuta huko Mpika, Zambia.

Dhana: Gari la Japani halina kutu

Inategemea liliishi wapi. Mikoa ya theluji kama Hokkaido, Aomori, Akita na Niigata humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hiyo inakula chasisi kutokea chini huku bodi ikimeremeta. Kwenye karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari huko Japani, S ni kutu na C ni chuma kilicholiwa. Alama R au RA kwenye daraja maana yake gari lilipata ajali likatengenezwa. Omba picha za chini, hasa chasisi juu ya ekseli ya nyuma, viungo vya springi na mabomba ya breki. Ukiona rangi nyeusi nzito imepakwa kila mahali mpaka kwenye boliti, jiulize inaficha nini. Likishafika, nyundo ndogo inatosha: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya debe lenye mchanga.

Dhana: Ushuru unapigwa kwenye bei uliyonunulia

Hapana. TRA ina mfumo wake wa thamani za magari yaliyotumika, na kikokotoo kiko wazi kwenye tovuti yao. Ankara yako ya dola elfu nne haimtikisi mtu.

Chukua mfano wa hesabu. Thamani iliyokubaliwa, pamoja na usafiri na bima, iwe dola 10,000. Gari lina zaidi ya miaka kumi na injini ya cc 2,700. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni 2,500, mnakuwa na 12,500. Ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini asilimia 10 ya hiyo ni 1,250. Wa uchakavu asilimia 30 ni 3,750. Jumla 17,500, halafu VAT asilimia 18 ni 3,150. Umeshalipa 10,650, zaidi ya thamani ya gari lenyewe, na bado tozo ndogondogo, bandari, wakala, usajili. Gari la miaka minane hadi kumi hulipa asilimia 15 ya uchakavu badala ya 30, kwa hiyo mara nyingine la ghali zaidi mnadani linakuja kuwa nafuu likifika. Viwango huguswa kwenye bajeti ya Juni. Kokotoa siku unayonunua.

Dhana: Nitaliingiza kama la IT, nitoke nalo, nirudi nalo taratibu

Gari la IT, yaani la kupita tu kwenda nchi nyingine, linapita nchini kwa dhamana, kwa njia iliyoandikwa, kutoka kwenye mpaka ulioandikwa, ndani ya siku zilizoandikwa. Si gari la utalii. Dhamana ikidaiwa, wakala wako atakutafuta hata ukiwa Chamwino ndani ndani.

Dhana: Ni 4WD, litapita popote

RAV4 na X-Trail si sawa na Prado yenye gia ya 4L, ile nzito ya mwendo mdogo, na kufuli ya difu ya kati. Zile ni nzuri kwa changarawe na utelezi mwepesi, basi. Kwenye udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika hata Land Cruiser inakaa. Kwa gari la kuchagua kati ya 2H (magurudumu mawili) na 4H (yote manne), usiendeshe 4H kwenye lami kavu: magurudumu ya mbele na nyuma yanatembea umbali tofauti kwenye kona, na nguvu inayobaki katikati inaishia kwenye transfa. Mchangani shusha upepo hadi psi 18 hivi, beba pampu ya umeme, na jaza tena kabla ya kurudi lami. Watu wengi wanaochimba kwa koleo masaa mawili wangetoka kwa kushusha upepo dakika tano.

Dhana: Lazima carnet / Kadi ya gari na bima ya hapa zinatosha

Hizi ni mbili, na zote si sahihi. Kwa gari lililosajiliwa Tanzania linaloelekea Zambia, Malawi au Zimbabwe, carnet, ile hati ya forodha ya kupitisha gari mipakani kwa muda, haihitajiki. Mpakani unapewa kibali cha muda cha kuingiza gari. Kukirudisha unapotoka ni muhimu kuliko kukipata. Ukienda mpaka Misri, hapo carnet ni lazima.

Bima yako ya hapa inaishia Tunduma. Mwambie mwenye bima akukatie Kadi ya Njano ya COMESA kabla hujaondoka, na usome majina ya nchi yaliyoandikwa kwenye kadi yenyewe. Inafidia mtu wa tatu, yaani uliyemgonga, na matibabu ya waliomo garini. Gari lako mwenyewe linalindwa na bima kubwa ikiwa tu imeongezewa nchi hizo. Botswana na Namibia haziko humo.

Kadi ya gari iwe halisi, si nakala. Kama si jina lako, barua ya ruhusa iliyothibitishwa na wakili. Kama ni mkopo, barua ya benki. Leseni ya kimataifa, kadi ya homa ya manjano, stika ya EAT, alama ya gari la Tanzania, nyuma, pembetatu mbili, si moja, na kizimamoto ambacho hakijapita tarehe. Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, utalipa kodi ya hewa ukaa na tozo ya barabara: risiti zote weka bahasha moja, zitaombwa njiani. Na ukivuka daraja la Kazungula kuingia Botswana, ile nyama mbichi ya kuchoma uliyoigandisha kwenye friji ya gari itachukuliwa kwenye geti la mifugo. Ichome Livingstone.