Gego la Nyangumi au Tumbawe? Kutambua Vipande vya Visukuku Ufuoni Mombasa

Mama mmoja wa Likoni alifika mezani kwetu, tunapotambulia vitu vilivyookotwa ufuoni, na kitu alichokifunga kwenye pembe ya leso. Akakifungua polepole, kama mtu anayetoa mkufu wa dhahabu. "Hebu nitazamia, mwanangu. Mjukuu wangu yuwasema ni gego la nyangumi."

Kilikuwa kipande cha ukubwa wa limau, rangi ya maziwa yaliyochacha, kimelainika pande zote. Na kweli kilifanana na gego. Nikakichovya kwenye kikombe cha maji, nikakigeuza dirishani penye mwanga wa ubavuni. Nyota zikatokea: vijiduara vimepangana kama sega la nyuki, kila kimoja kina vijiukuta vyembamba vinavyokimbilia katikati. Jino la nyangumi lingeonyesha miduara ndani ya miduara, kama kisiki cha mti. Hili lilikuwa tumbawe, tena la kale.

Wengi wanaotuletea vitu huanza na umbo: hiki mbona kama yai, hiki mbona kama kidole. Kitu kilichobingirishwa na mawimbi umbo lake limechongwa na bahari, si na mnyama. Lakini mawimbi hayo hayo yaliyofuta sura yamepiga msasa, na msasa huo umefichua ya ndani. Kwa hiyo lowesha kwanza, kisha tafuta mpangilio.

Kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, kikiwa cha tumbawe si ajabu kwetu. Kisiwa cha Mvita kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Takriban miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na pale palipo majabali ya Mama Ngina na Nyali palikuwa na matumbawe hai chini ya maji. Bahari ilipoteremka yakabaki nchi kavu, na kila msimu wa kusi mawimbi huyamega. Ukitaka kuzoesha jicho, simama karibu na kuta za Fort Jesus. Zimejengwa kwa mawe hayo hayo, na penye lipu iliyobanduka utaziona nyota na mikunjo mfano wa ubongo.

Kazi ngumu ni kulitenga tumbawe la kale na lililokufa juzi. La juzi kwa kawaida ni jeupe, jepesi kwa ukubwa wake, na matundu yake yako wazi: ukilipuliza, mchanga hutoka. La kale matundu yake mara nyingi yamezibwa na madini. Ni zito mkononi, rangi yake imeingia umanjano au ukijivu, na mahali lilipovunjika humetameta kama sukari. Shika moja kila mkono utaelewa haraka kuliko nikieleza. Kuna wanaonifuata na siki. Siki hutoa povu kwenye tumbawe la kale, la juzi, gamba la shaza na hata bonge la saruji, maana yote yana chokaa ndani yake. Haitakwambia umri.

Mifupa ndiyo hutusumbua zaidi. Mfupa una ganda gumu nje na sifongo isiyo na mpango ndani, ilhali tumbawe hurudia nakshi moja kila mahali. Ila mfupa mweusi wa ufuoni si lazima uwe kisukuku. Tope la mikoko hutia weusi upesi. Na ukiona umekatwa msumeno sawasawa, hiyo ni supu ya mtu.

Lile jiwe la kijivu linaloelea, ambalo wengine hulisugulia visigino, ni povu la volkano lililoganda. Volkano ya Krakatau, huko Indonesia, ilipolipuka mwaka 1883, mawe ya namna hiyo yalivuka Bahari ya Hindi hadi Afrika.

Kuna pia wanaotarajia amonaiti, wale wanyama wa bahari wenye gamba lililojiviringa kama pembe ya kondoo dume. Hao walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, kwa hiyo majabali ya Nyali hayana habari zao. Wamo upande wa bara, kwenye miamba ya udongo yenye tabaka kama ile ya Changamwe, yenye umri wa takriban miaka milioni 150. Mwanajiolojia Mjerumani Beyrich aliandika juu ya amonaiti wa Mombasa tangu 1877. Ukiniletea mmoja kutoka ufuo wa Bamburi, swali langu la kwanza litakuwa nani alimwaga kifusi pale.

Hapo ndipo uzito wote ulipo: mahali. Piga picha kitu kikiwa bado mchangani, weka sarafu kando yake, andika ufuo gani na kama kilikuwa chini ya jabali au kwenye mstari wa mwani. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa 1986, usiokote chochote. Kwingineko, Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inamtaka aliyegundua kisukuku atoe taarifa, na kukisafirisha nje bila kibali ni kosa. Vigae vya vyungu vya kale navyo vinalindwa, hata vikiwa vimesagika kama peremende.

Yule mama nilimuuliza kipande kilitoka wapi. Hakujua. Jumamosi akarudi na mjukuu, mtoto wa miaka tisa hivi, aliyetuchorea jabali, ngazi za wavuvi na mtumbwi uliopinduliwa. Tulipakuta. Mtoto bado anashikilia ni gego.